Mkono Uliopona Lakini Ungali Unauma

Fikirini mama aliyeanguka akitoka shambani, akavunjika mfupa wa mkono. Hospitali walimfunga plasta, na baada ya majuma sita mfupa umeshikamana. Lakini mkono unaunguza kama moto. Kitenge kikimgusa tu, analia. Mara mkono una joto na umevimba, mara una baridi. Vidole ni vigumu, vinatetemeka. Naye anasema, "Mkono huu ni kama si wangu."

Jamaa wengine wanasema, "Anadanganya, hataki kulima." Wengine wanasema amelogwa. Wote wamekosea.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Katika vita vya Marekani, mwaka 1861 mpaka 1865, munganga Silas Weir Mitchell aliwatunza askari waliopigwa risasi katika mishipa ya fahamu. Wengine waliungua hivi, wakawa wanafunika mkono kwa kitambaa chenye maji. Yeye na wenzake waliandika habari hizo katika kitabu mwaka 1864.

Sababu yake ni nini? Mishipa ya fahamu huchukua habari za ngozi na kuzipeleka kwenye ubongo, kama mjumbe achukuavyo barua. Kwa watu wachache, baada ya kuumia, wajumbe hawa hawatulii. Mguso mdogo unafika kama pigo la panga. Ubongo nao hauuongozi tena mkono sawasawa. Maumivu ni ya kweli, hata kama hakuna kidonda.

Basi, tufanye nini?

1. Plasta ikibana, vidole vikafa ganzi au kubadilika rangi, mgonjwa arudi hospitali siku ile ile.

2. Plasta ikiisha kutolewa, msiufunge mkono tena. Aukunje na kuunyosha polepole kila siku, na kushika kazi ndogo.

3. Apitishe pamba laini juu ya ngozi dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Akizoea, atumie kitambaa kigumu zaidi.

4. Asimamishe kioo katikati ya mikono, ule mgonjwa ukae nyuma yake. Atazame ndani ya kioo mkono mzima ukienda. Hivyo ubongo unajifunza tena.

5. Msimchanje, wala msimkande kwa maji ya moto.

Mpelekeni kwa munganga mapema. Wengi hupata nafuu, lakini ni kazi ya miezi. Katika miezi hiyo mpikieni, mtekeeni maji, wala msimwite mvivu.