Damu ya Mama, Jina la Baba

Kaa Pemba siku mbili tatu tu, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, utasikia mke mmoja akishtakiwa makosa mawili. Asipozaa mwana wa kiume, kosa lake. Akimzaa na mtoto akawa mgonjwa mgonjwa, basi damu ya mama mbovu. Yaani kotekote kakamatwa!

Shtaka la kwanza tulimalize haraka. Seli zetu zina kromosomu 46, nusu kutoka kwa mama, nusu kwa baba. Mbili kati ya hizo ndizo za jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Yai la mama hubeba X. Mbegu ya baba hubeba X au Y, na hapo ndipo mambo yanapoamuliwa. Mwanasayansi wa Kimarekani, Nettie Stevens, alilionyesha hili mwaka 1905 kwa kuchunguza wadudu wa unga. Leo bado unamsikia mtu mzima na digrii yake akitishia kuongeza mke "nipate dume". Kaka, hiyo Y unayo wewe.

Shtaka la pili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu lina chembe ya ukweli ndani yake.

Shoga yangu mmoja wa Wete aliolewa na mtoto wa shangazi yake, ndoa ya kawaida kabisa kisiwani kwetu. Akapata mabinti wawili, kisha mwana wa kiume. Mtoto alipofika miaka mitano akapewa dawa fulani, na siku ya tatu mkojo wake ukawa kama chai ya rangi, macho ya njano, mwili hauna nguvu. Aliongezwa damu, akapona, alhamdulillahi. Baadaye vipimo vikaonyesha upungufu wa G6PD. Mama mkwe, ambaye ndiye huyo huyo shangazi, akatoa hukumu: "Kwetu sisi hakuna maradhi haya. Kaja nayo yeye."

G6PD ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mwenye upungufu huishi vizuri tu, asijijue, mpaka chembe zake zikutane na kitu cha kuzichokoza: dawa kama primakwini na dapsoni, maradhi makali, hata naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo kabatini. (Mjamzito unayepanga nguo za mtoto, hivyo vidonge viache dukani.) Hapo chembe hupasuka kwa wingi.

Sasa sikiliza vizuri. Jeni ya G6PD imekaa kwenye X. Mwanamume ana X moja tu, ikiwa na hitilafu hana ya akiba. Mwanamke anayo akiba, ingawa mwaka 1961 Mary Lyon alieleza kwamba kila seli ya mwanamke huizima X moja, ndiyo maana baadhi ya wanawake nao huugua. Baba mwenye hitilafu hampi kabisa mwanawe wa kiume, maana yeye kampa Y. Lakini mabinti zake wote huipata. Mama mwenye X moja yenye hitilafu, kila mimba ni nusu kwa nusu.

Kwa hiyo ni kweli, mtoto wa shoga yangu kaipata kwa mama yake. Na mama kaipata wapi? Baba yake mzazi alipimwa, akakutwa nao. Yeye X yake alipewa na mama yake. Na mama yake ni nani? Ndiye mama mzazi wa shangazi! Maradhi "yasiyo ya kwetu" yalikuwa yakipita jikoni kwa bibi yao. Shangazi alipopigiwa hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza na yeye apimwe wapi.

Si laana, jamani. Hitilafu hii imeenea kwenye nchi za malaria kwa sababu humpa mtu kinga fulani dhidi ya malaria kali. Tangu Zanzibar ianze dawa mseto mwaka 2003, na vyandarua vikafuata, malaria imeshuka mno, lakini jeni haikuondoka nayo. Oman, kwenye ndugu zetu wengi, karibu robo ya wanaume wanao upungufu huu, na aina iliyoenea kule ni kali zaidi kuliko ile ya Afrika. Mwenye aina hiyo, sahani ya fuli asubuhi pale Maskati inaweza kumlaza hospitali.

Hata makampuni ya dawa yameumbuka. Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliingia Afrika mwaka 2003. Mwaka 2008 GlaxoSmithKline wakaiondoa kwa sababu iliwapunguzia mno damu wenye upungufu wa G6PD.

Wachumba wa siku hizi hupima Virusi vya Ukimwi, na baadhi hupima selimundu. Ongezeni na hiki, damu kidogo tu inatosha. Ukikutwa nao, mwambie daktari na muuza dawa kabla hujaandikiwa chochote. Ila usipime katikati ya shambulio: chembe dhaifu zimeshapasuka, zilizobaki ni changa na zenye nguvu, na karatasi inaweza kukwambia uko salama kumbe sivyo. Subiri kama miezi mitatu, ndipo urudi maabara.