Je, Wajua Panya Hutambua Dawa Iliyo Mwilini Mwake?

Panya wa maabara aliyedungwa LSD, dawa inayoleta maruweruwe, hawezi kusimulia anachohisi. Lakini akiulizwa kwa njia anayoielewa, hujibu, tena kwa usahihi wa kushangaza.

Kwanza hupunguziwa chakula ili awe na hamu, kisha huwekwa ndani ya kisanduku chenye vibonyezo viwili ukutani. Siku aliyodungwa dawa, kibonyezo cha kulia ndicho kinachotoa tembe ya chakula. Siku aliyodungwa maji ya chumvi tu, ni cha kushoto. Sindano ni ileile, kisanduku ni kilekile, hakuna taa wala mlio wa kumdokezea. Kinachotofautisha siku hizo ni hali anayoihisi mwilini tu. Baada ya wiki nyingi za mazoezi, huelekea kibonyezo kinachostahili bila kusitasita. Kwa kawaida hahesabiwi amefuzu mpaka angalau asilimia 80 ya mibonyezo yake iwe upande unaostahili. Na siku ya mtihani chakula huzuiwa, maana tembe ya kwanza tu ingemfichulia jibu.

Sasa mpe panya huyo psilosibini, kemikali itokayo kwenye uyoga: atabonyeza upande wa LSD. Mpe kokeini: atakwenda upande wa maji. Si kwamba haihisi kokeini. Anaihisi, ila siyo aliyofundishwa.

Dawa kama LSD huathiri vipokezi vya serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni, na vipokezi hivyo ni vya aina zisizopungua 14. Ni kipi kinacholeta maruweruwe? Mwaka 1984, Richard Glennon na wenzake wa Virginia, Marekani, walionyesha kwamba kadiri dawa inavyoshikamana kwa nguvu na kipokezi cha serotonini kiitwacho 5-HT2, ndivyo dozi ndogo inavyotosha kumpeleka panya upande wa dawa, na pia kumletea binadamu maruweruwe. Panya akitangulizwa ketanserini, inayoziba kipokezi hicho, hubonyeza upande wa maji ilhali dawa bado imo damuni. Leo kipokezi hicho kinaitwa 5-HT2A. Mwaka 1998, Franz Vollenweider na wenzake mjini Zurich, Uswisi, waliwapa watu waliojitolea ketanserini kabla ya psilosibini, na maruweruwe yakazuilika. Panya walikuwa wamesema kweli.

Hata hivyo, lisuridi, dawa iliyotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson, inafanana sana na LSD. Panya wengi waliofundishwa LSD huichukulia kuwa ndiyo LSD, ingawa kwa dozi za tiba kwa kawaida haiwaletei wagonjwa maruweruwe. Kwa hiyo panya hutambua dawa zinazofanana. Kama dawa italeta njozi au la, hilo lahitaji ushahidi mwingine.

Hadi leo, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inakihesabu kipimo hiki cha vibonyezo miongoni mwa vile vya kuchunguza kama dawa mpya ya ubongo inaweza kutumiwa vibaya.