Robo Tatu Wameelewa Somo

Chini kabisa ya andalio la somo, baada ya utangulizi na hatua nyingine zote, kuna mistari michache iliyoachwa kwa ajili ya tathmini ya mwalimu na maoni yake. Kila mwalimu wa shule ya msingi anaijua sentensi inayokaa hapo, maana imezoeleka Gongo la Mboto kama ilivyozoeleka Temeke, Kinondoni na kwingineko nchini: robo tatu ya wanafunzi wameelewa somo, waliobaki watasaidiwa. Andalio hukaguliwa, husainiwa, na kesho yake sentensi ileile huandikwa tena chini ya mada nyingine. Haisemi nani hakuelewa, hakuelewa nini, wala kesho kitabadilika nini. Hoja yangu ni kwamba mistari hiyo michache ina uwezo wa kuboresha ufundishaji kuliko sehemu nyingine yoyote ya andalio, na kwamba tumeipoteza kwa sababu tuliigeuza kuwa ushahidi wa ukaguzi kabla haijawa chombo cha mwalimu mwenyewe.

Kazi ya mistari hiyo huitwa tafakuri, neno linalosikika kubwa kuliko kazi yenyewe. Mwanafalsafa John Dewey aliandika juu ya fikra ya namna hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1910, na mwaka 1983 Donald Schön akaonyesha jinsi wasanifu majengo na watu wa fani nyingine wanavyojifunza pale kazi inapokataa kwenda walivyotarajia. Tuchukue somo la Hisabati la darasa la tatu, kutoa kwa kubadili, au kukopa kama wengi wanavyosema. Mwalimu ameandika ubaoni 52 – 27. Jibu ni 25, lakini katika daftari nyingi anakuta 35. Anaweza kuweka alama ya kosa na kwenda zake. Akijiuliza 35 imetoka wapi, hapo ndipo mambo yanapoanza kufunguka. Mtoto mmoja aliona 2 toa 7 haiwezekani, akageuza: 7 toa 2 ni 5, kisha 5 toa 2 ni 3. Amepata 35. Mwenzake alikopa vizuri, akasema 12 toa 7 ni 5, ila akasahau kwamba yale makumi 5 yamebaki 4, akamalizia 5 toa 2 ni 3. Naye amepata 35. Jibu ni moja, magonjwa ni mawili. Wa kwanza hajajua kukopa ni nini; wa pili anajua, amepotea njiani. Ukiwarudishia wote maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, wa pili atachoka na wa kwanza atabaki pale alipokuwa.

Kuna la ziada katika mfano huo. Mwalimu anayefuatilia kosa hilo hugundua kwamba swali lake mwenyewe ndilo lililoficha tofauti. Angeandika 53 – 27, mtoto anayegeuza angepata 34, anayesahau kupunguza makumi angepata 36, na anayejua angepata 26. Kubadili tarakimu moja kungempa picha ya darasa lake ambayo jaribio zima la maswali ishirini lisilofikiriwa lisingempa. Hakuna semina ya siku mbili itakayomletea ugunduzi huo, kwa sababu umelala ndani ya daftari za watoto wake. Na ukishapatikana, lengo la wiki ijayo halihitaji kutafutwa: ifikapo Ijumaa, wale waliopata 34 waweze kuonyesha kwa vijiti na mafungu ya kumi kwamba 53 ni sawa na makumi 4 na mamoja 13. Lengo la namna hiyo lina majina ya watoto, lina siku, na likishindikana mwalimu atajua limeshindikana.

Linganisha na malengo ambayo mwalimu wa serikali amezoea kuyaandika. Tangu mwaka 2004 watumishi wa umma walijaza fomu za OPRAS za kupima utendaji wao, na sasa wanaingiza majukumu na utekelezaji wao katika mfumo wa kidijitali wa PEPMIS. Mwajiri ana haki ya kujua mtumishi anafanya nini, na sioni ubaya wa mfumo wenyewe. Tatizo ni kwamba malengo ya aina hiyo huelekea juu: idadi ya vipindi vilivyofundishwa, mada zilizokamilika, asilimia ya ufaulu itakayopanda. Mwalimu anaweza kuyatimiza yote huku mtoto wa dawati la nyuma akiendelea kupata 35. Kenya nayo ina mfumo wake wa kupima walimu, TPAD, unaosimamiwa na tume ya walimu, TSC, na malalamiko ya walimu wa huko yanafanana na ya kwetu, kwamba kazi ya kujaza imekua kuliko kazi inayojazwa. Karatasi inayompima mtumishi na karatasi inayomsaidia mwalimu kufikiri zina kazi mbili tofauti, na ukizichanganya ya kwanza huimeza ya pili. Nani ataandika kwamba kipindi chake kilishindwa, katika karatasi itakayosomwa na anayempandisha cheo?

Ushahidi wa hapa Tanzania nao unaturudisha kwa mtoto mmoja mmoja, ingawa lazima tuusome kwa uangalifu. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za msingi. Shule zilizopewa fedha za ruzuku peke yake hazikuinua alama za watoto. Zile zilizopewa ruzuku na walimu wake wakaahidiwa bonasi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu stadi za msingi, ziliinua. Jaribio hilo halikupima tafakuri, na sitaki kulibebesha mzigo usio wake. Linachoonyesha ni kwamba vifaa huzaa matunda pale mwalimu anapokuwa na sababu ya kumwangalia mtoto mmoja mmoja, je, huyu anasoma au hasomi. Bonasi ni njia moja ya kuleta sababu hiyo, nayo ni ya gharama. Udadisi wa kitaaluma ni njia nyingine, na kwa maoni yangu hudumu zaidi, kwa kuwa haukomi fedha za mradi zinapokwisha.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa walimu wenyewe, nalo ni zito. Shule za pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Gongo la Mboto na Majohe hadi Chanika na Mbagala, zimebeba wingi wa watoto uliokuja na kupanuka kwa makazi na kuongezeka zaidi baada ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Huku madarasa yenye watoto zaidi ya 100 si habari, na shule nyingi zimelazimika kuingiza watoto kwa zamu. Mwalimu huyo atasoma daftari 100 saa ngapi? Jibu ni kwamba asizisome zote. Achukue daftari la kila mtoto wa kumi katika rejesta: wiki hii wa 1, wa 11, wa 21 na kuendelea, wiki ijayo wa 2, wa 12, wa 22. Ndani ya wiki kumi atakuwa amekaa na kazi ya kila mtoto, na kila wiki atakuwa ameona watoto kumi ambao hawakuchaguliwa kwa sababu wananyoosha mikono. Darasa kubwa linahitaji utaratibu huu kuliko dogo, kwa sababu katika darasa la watoto 30 macho ya mwalimu yanaweza kutosha.

Pingamizi la pili linasema kwamba mazungumzo haya yanamtwisha mwalimu lawama za serikali. Lina haki kwa sehemu. Hakuna tafakuri itakayojenga darasa, kuchonga dawati au kuajiri mwalimu wa pili, na yeyote anayeitumia kama kisingizio cha kutofanya hayo anawadhulumu watoto na walimu kwa pamoja. Hata hivyo madarasa mapya hayafundishi yenyewe. KiuFunza ilituonyesha hivyo kwa upande wa fedha za ruzuku.

Wengine watasema mwalimu mzoefu anajua makosa haya bila kuyaandika. Anajua mengi, ni kweli, lakini ile 35 yenye vyanzo viwili hupita mbele ya macho ya wazoefu pia. Huonekana upesi zaidi walimu wawili wanapotazama daftari moja. Wajapani wamefanya hivyo kwa vizazi: walimu huandaa somo moja pamoja, mmoja hulifundisha, wengine huwatazama wanafunzi, kisha hukaa kujadili watoto walifikiri nini. Zambia, jirani yetu, iliuchukua utaratibu huo mwaka 2005 na kuufanya kazi ya shule. Sisi tunao MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, pamoja na jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule. Chombo kipo. Kinachoweza kukiua ni kikao cha jumuiya kugeuka mahali pa kusomewa moduli na kusaini mahudhurio. Kikao kianze na daftari tatu za watoto zikiwa mezani, na moduli ifuate pale inapohitajika.

Ukitoka Gongo la Mboto ukaendelea na barabara unafika Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili aongoze TANU. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unataka umahiri wa aina hiyohiyo. Mtoto hawezi kuupata kwa mwalimu aliyezuiwa kudadisi kazi yake mwenyewe.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wakuu na wathibiti ubora wa shule. Mtakapofungua andalio lijalo na kukuta limeandikwa kwamba somo halikufanikiwa, watoto saba wamegeuza tarakimu na kesho mwalimu ataanza na vijiti, msimwandikie onyo. Nendeni mkaone vijiti hivyo vikitumika.