Mitambo ya simu Tanga: Kimya si dalili ya uzima

MFANYABIASHARA wa Pangani anapopiga simu ya mezani kwa wakala wa forodha jijini Tanga, kisha sauti ikasikika upande mmoja tu, hudhani kuwa kosa ni la aliyepigiwa. Huenda kosa limo katika kifaa ambacho wote wawili hawakioni, yaani lango la simu.

Lango hilo ni mtambo unaounganisha simu za ofisi, zinazopita katika mtandao wa kompyuta, na laini za kampuni ya simu. Kwa Tanga, pamoja na mikoa ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara, namba za mezani huanza na tarakimu 027.

Laini ambayo imetumika kwa miaka mingi katika kazi hiyo huitwa E1. Hubeba kilobiti 2,048 kwa sekunde, zikiwa zimegawanywa katika njia 32. Njia 30 hubeba sauti, moja hulinganisha mwendo wa mitambo ya pande mbili, na nyingine hupeleka taarifa za kupiga na kukata simu.

Kwa hiyo, laini moja ikianguka, mazungumzo yapatayo 30 hukatika kwa mpigo. Bandarini mzigo huchelewa; hospitalini simu ya ndugu wa mgonjwa haifiki.

Ili kuuchunguza mtambo, fundi huandika amri fupi kwenye kompyuta yake, nao hujibu kwa maandishi matupu. Njia hiyo hutumia data kidogo mno, hivyo fundi aliye Dar es Salaam anaweza kulihudumia lango la Tanga hata mtandao ukiwa dhaifu. Mtandao ukikatika kabisa, aliye karibu huchomeka waya moja kwa moja kwenye mtambo.

Katika malango ya Cisco, amri "show controllers e1" huonyesha hali ya laini na kengele za hitilafu. Kengele nyekundu humaanisha kuwa lango halipokei mawimbi yanayoeleweka. Pengine waya umekatika au kuchomoka. Ya bluu huashiria kuwa njia imekatika mbali zaidi, nao mtambo wa katikati unatoa taarifa hiyo.

Kengele ya njano ndiyo huwapotosha wengi. Maana yake ni kwamba upande wa pili haupokei kinachotumwa kutoka huku. Fundi asiyeijua huwalaumu wa ng'ambo, ilhali waya mbovu wa kutumia huenda umo mbele ya macho yake.

Hata hivyo, kukosekana kwa kengele si uthibitisho kwamba watu wanasikilizana. Hapo ndipo amri ya pili, "show call active voice brief", inapohitajika. Huorodhesha simu zinazoendelea, namba zake, muda wake na pakiti za sauti zilizotumwa na kupokewa. Kila simu huonekana kwa vipande viwili, kimoja cha upande wa laini na kingine cha upande wa mtandao. Vipande 24 ni simu 12.

Kwa kawaida sauti isiyobanwa hutumia pakiti 50 kwa sekunde, sawa na 3,000 kwa dakika kila upande. Zikitumwa 3,000 na kupokewa sifuri, mtu anazungumza na ukuta, ingawa hakuna kengele iliyolia.

Orodha hiyo hufichua pia wizi. Ofisi iliyofungwa jioni haitarajiwi kuwa na simu kumi za nje ya nchi saa nane usiku; zikionekana, huenda mtu ameuvamia mtambo, na mwenye ofisi ndiye atakayeletewa ankara.

Lakini orodha hiyo humweleza msomaji wake nani anazungumza na nani. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalinda siri za watumiaji wa mawasiliano, hivyo nywila ya lango haipaswi kuzagaa.

Ofisi yenye busara hurekodi hali ya kawaida ya lango lake kila asubuhi na jioni. Asiyejua uzima wa mtambo wake ulivyo hawezi kuutambua ugonjwa wake.