Emahoy, Mpiga Piano wa Uhabeshi

Sisi wa Bwiza tumekua katikati ya muziki. Sauti ya ngoma kubwa za Burundi twaijua, na inanga na ikembe twazijua pia. Lakini piano ni wachache wetu walioigusa. Kwa hiyo mwanafunzi akisikia kwamba fulani kazi yake ni kupiga piano mbele ya watu, huuliza: "Je, hiyo nayo ni kazi? Na mtu huipataje?" Nitajaribu kujibu maswali hayo, kisha nitaeleza habari za mtu mmoja wa Afrika Mashariki aliyeitafuta kazi hiyo.

Kwanza, chombo chenyewe. Piano ilibuniwa Italia karibu na mwaka 1700 na fundi aitwaye Bartolomeo Cristofori. Ina vibao 88 vya kubonyeza, vyeupe 52 na vyeusi 36. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo iliyovikwa kitambaa kinene cha sufu hupiga nyuzi za chuma zilizomo ndani. Ukibonyeza polepole sauti huwa ndogo, ukibonyeza kwa nguvu huwa kubwa. Basi mpigaji hushika upole na ukali katika vidole vyake kumi.

Kazi ya mpiga piano huanza utotoni. Hujifunza kwa mwalimu, hupiga saa nyingi kila siku, na hukariri vipande virefu hata aweze kuvipiga bila kutazama karatasi. Halafu hutafuta chuo kikubwa, na baada ya chuo huingia mashindano. Mashindano mojawapo mashuhuri yako Brussels, Ubelgiji, na tangu mwaka 1951 yanaitwa kwa jina la Malkia Elisabeth. Huko wanaofika duru ya mwisho hufungiwa mahali kwa muda wa wiki moja, wakapewa kipande kipya ambacho hakuna aliyepata kukisikia, wajifunze peke yao. Mwaka 1956 alishinda kijana wa Kirusi, Vladimir Ashkenazy, na jina lake likaenea duniani. Mshindi hualikwa mji baada ya mji, na hiyo ndiyo kazi yake.

Mnaona, basi, kwamba njia hii ni kama ngazi. Kipawa peke yake hakitoshi. Kipandio kimoja kikikatika, mtu hukwama. Hayo ndiyo yaliyompata Yewubdar Gebru.

Yewubdar alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923, katika nyumba ya watu wakubwa. Alipokuwa na miaka sita alipelekwa Uswisi kusoma, pamoja na dada yake Senedu, na huko akajifunza fidla na piano. Alirudi kwao mwaka 1933. Lakini Waitalia waliivamia Uhabeshi, na mwaka 1937 yeye na jamaa zake walichukuliwa mateka wakapelekwa kisiwa cha Asinara, kisha Mercogliano karibu na Napoli.

Vita vilipokwisha alikwenda Cairo kwa mwalimu wa Kipolandi, Alexander Kontorowicz. Kila siku alipiga piano saa nne na fidla saa tano. Wanafunzi wenzangu mnaolalamika kwa saa moja ya hesabu, pigeni jumla hiyo! Joto la Misri lilimdhoofisha, akarudi Addis Ababa, na mwalimu wake akaja naye.

Ndipo akapata nafasi ya kusoma London katika Royal Academy of Music. Lakini ruhusa ya kusafiri akanyimwa. Kijana huyu aliona maisha yake yamefungwa. Alikataa chakula hata watu wakadhani atakufa. Alipopona hakutafuta tena jukwaa. Alitoroka akaenda mlima wa Gishen, katika nchi ya Wollo, akawa mtawa, akaitwa Emahoy Tsegue-Maryam. Huko alikaa karibu miaka kumi, bila viatu, wala piano haikuwako.

Je, muziki ulikufa? La. Baadaye, alipokuwa Gondar akisoma nyimbo za kale za kanisa, aliona vijana maskini waliokuja kusoma nyimbo hizo wakilala nje. Yeye hakuwa na fedha, ila alikuwa na vidole vyake. Basi akatunga na kupiga. Mwaka 1967 sahani yake ya kwanza ilitoka Ujerumani, na fedha zake zikawa za kusaidia maskini na yatima. Tungo zake zina elimu ya Ulaya na sauti za Uhabeshi pamoja.

Mwaka 1984 alihamia Yerusalemu, akaishi katika chumba kidogo cha nyumba ya watawa, piano ikiwa kando ya kitanda. Mwaka 2006 tungo zake zilitolewa tena Ufaransa, na watu wa mataifa mengi wakaanza kumsikiliza, naye amepita miaka themanini. Alifariki Machi 2023, akiwa na miaka 99.

Uhabeshi haukukosa wengine. Girma Yifrashewa, aliyezaliwa mwaka 1967, alianza na kirar, zeze la kwao, akasoma piano Addis Ababa, kisha Sofia katika Bulgaria. Naye alisoma katika chuo kile kile cha London ambacho Yewubdar hakukifikia, akapiga mbele ya watu katika nchi nyingi.

Ndugu zangu, sisemi kwamba kunyimwa ruhusa ni jambo jema. Ni hasara, na hatujui ni muziki gani tuliukosa. Nasema hili tu: mlango ulifungwa, lakini alichojifunza kilibaki mikononi mwake. Elimu uliyokwisha kuipata hakuna awezaye kukunyang'anya. Wenye nafasi leo, someni. Na ninyi wazee wa shule mliokwisha kushika madaraka, akija kijana kuomba ruhusa, mfikirieni vizuri kabla ya kusema hapana.