Whispers, Mcheshi Aliyejicheka Mwenyewe Kwanza

Mwishoni mwa miaka ya 1990, gazeti la Jumapili la Nairobi lilifika Busia kwa basi. Nakala moja ilivuka mpaka mkononi mwa baba yangu, sajini wa polisi, hadi kwenye kota zetu za Tororo. Jioni majirani walivuta vigoda mlangoni petu. Baba aliziruka habari za siasa, akafungua ukurasa wa Whispers, akausoma kimoyomoyo kwa Kiingereza, kisha akatusimulia kwa Kiswahili. Mke wa jirani mmoja hakuwa na subira: "Afande, leo Thatcher amemfanyia nini?"

Thatcher ndilo jina alilompa mke wake katika makala hizo, kwa kumfananisha na yule waziri mkuu wa Uingereza asiyetikisika. Bwana mwenyewe huchelewa baa, huingia nyumbani akinyata, na visingizio vyake havimfikishi mbali. Nyumba gani ya askari isiyoujua mchezo huo? Wanawake walicheka kwa sauti. Wanaume walicheka wakitazama chini.

Mwandishi huyo alikuwa hayati Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri mwaka 1954. Kabla ya uandishi alipata kuitumikia Serikali ya Kenya katika utawala wa mikoa, na nadhani ndiyo sababu aliijua ofisi, faili na kiburi cha wakubwa wadogo kama anavyovijua mtumishi yeyote miongoni mwetu. Safu ya Whispers aliianza mwaka 1982.

Mwaka 1986 alikamatwa pamoja na ndugu yake kwa tuhuma za kuhusiana na Mwakenya, chama cha siri, akateswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi. Alikaa kifungoni zaidi ya mwaka mmoja. Kutokana na mateso hayo aliandika riwaya, Three Days on the Cross, iliyotoka mwaka 1991, kuhusu raia walioangukia mikononi mwa polisi wa siri.

Nilikileta kitabu hicho nyumbani nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Baba, akiwa bado kazini, alikisoma usiku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu alikiweka mezani juu ya kofia yake ya kazi, akaniuliza, "Huyu ndiye yule aliyekuwa akituchekesha?" Nikamjibu ndiye. Hakusema neno jingine, akaenda zamu. Lakini hakunikataza kukisoma, na naamini angenikataza kama mwandishi angekuwa mtu aliyezoea kuwacheka wengine tu.

Wahome hakutosheka na karatasi. Kwa kikundi chake cha Igiza Productions alipeleka michezo ya Kikikuyu katika mabaa na mahoteli, kwa watu wasiokanyaga kumbi za maigizo, na mwenyewe akapanda jukwaani. Mmojawapo, Mugathe Mubogothi, maana yake Mtukufu Mropokaji. Mtukufu huyo hakuhitaji kuelezwa kwa mtazamaji yeyote wa enzi ya Rais Moi.

Mwezi Machi 2003 alifanyiwa upasuaji uliodhaniwa kuwa mdogo. Hakupata fahamu tena, akafariki tarehe 22 Julai. Tangu mwaka 2006 wachapishaji wa Kenya wamekuwa wakitoa tuzo ya fasihi yenye jina lake. Baba alistaafu, kile kitabu bado kiko kwake, na hajanirudishia.