Fimbo ya Mpanda Mlima na Fimbo ya Msasi

Mtu aondokaye usiku wa manane katika kambi ya Barafu, iliyo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,600 upande wa kusini wa Kilimanjaro, akafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, jua likiwa limekwisha kuchomoza, magoti yake huwa hayajaianza kazi iliyo nzito. Kwani siku hiyo hiyo yampasa ateremke katika vumbi na changarawe mpaka Barafu, kisha aendelee mpaka kambi ya Mweka, karibu na mita 3,100, na ni katika kuteremka huko, wala si katika kupanda, ndipo thamani ya fimbo mbili za mlimani inapodhihirika.

Sababu yake ni wazi. Katika kushuka, kila hatua huutupa uzito wa mwili na mzigo juu ya goti moja, na fimbo zikitangulizwa kidogo, mikono na mabega huipokea sehemu ya uzito huo. Watafiti wa Austria waliolipima jambo hili, wakalitangaza mwaka 1999, walikuta kwamba nguvu zinazolilemea goti katika mteremko mkali zaweza kupungua kwa kiasi kinachokaribia robo. Lakini faida hiyo haipatikani kwa kuzishika tu. Kwenye tambarare fimbo iwe na urefu wa kukifanya kiwiko kipinde sawasawa kama pembe ya meza. Kwenye kuteremka irefushwe sentimita 5 hadi 10. Na mkono uingie katika ukanda wake kutoka chini, ili uzito uegemee ukanda, vidole visichoke kwa kukaza.

Kuhusu vitu zilivyoundwa navyo, wauzaji husifu mno kaboni, na kwa wepesi hakika haina mshindani. Hata hivyo, fimbo ya kaboni iliyobanwa baina ya mawe mawili, au iliyogongwa ubavuni, hukatika ghafla bila ya kutoa ishara, ilhali ya alumini hupinda, na iliyopinda aghalabu huweza kunyooshwa kiasi cha kumfikisha mwenyewe kambini. Kwa safari ya siku sita au saba, mbali na duka lolote, mimi ningechagua alumini pasipo kusita. Na kufuli yake iwe ile ya kubana kwa kikono cha nje, kwani ile ya kuzungusha kwa ndani huingia vumbi ikateleza, nayo ni taabu kuifungua kwa mkono uliovaa glavu katika baridi ya alfajiri.

Msasi ana haja nyingine kabisa. Nasema juu ya msasi mwenye leseni katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania, maana Kenya iliupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Huyu hana mikono miwili ya kuitoa kwa fimbo, kwa kuwa ana bunduki. Na ncha ya chuma igongayo jiwe, au vipande vya fimbo vinavyochezacheza ndani kwa ndani, au rangi inayometameta juani, humwarifu mnyama kabla ya wakati. Kwa hiyo fimbo zake ni tatu, za mti au za alumini isiyong'aa, zimefungwa pamoja karibu na ncha za juu kwa ukanda wa mpira au wa ngozi, na aghalabu huchukuliwa na yule afuataye nyayo. Saa ifikapo, hutanuliwa kimya kimya, bunduki ikalazwa kwenye panda yake, msasi akalenga hali amesimama, kwa sababu nyasi ndefu hazimpi nafasi ya kulala chini.

Wako wadhaniao kwamba hiyo ni anasa. Sivyo hata kidogo. Mkono wa mtu aliyetembea tangu alfajiri, moyo ukimdunda, hutetemeka. Na risasi iliyokwenda upogo humwacha nyati na jeraha, akaingia kichakani kuteseka, na wanaomfuata wakaingia katika hatari ya roho zao. Kumpiga mnyama bila ya kuwa na egemeo, wakati egemeo lipo, ni dhuluma kwake na kwa watu hao.

Je, jozi moja yaweza kuzifanya kazi zote mbili? Fimbo mbili za mlimani zikipishanishwa juu na mikanda yake ikaviringishwa, hupatikana panda inayotosha kwa darubini, au kwa mtu aliyepiga goti. Kwa aliyesimama, nyingi ni fupi, nayo miguu miwili miembamba huyumba kushoto na kulia na mbele na nyuma.

Asiyetaka kununua aweza kukodi Moshi, ambako fimbo za mlimani hukodishwa pamoja na makoti na mifuko ya kulalia. Azirefushe hapo hapo, azikaze, kisha aziegemee moja moja kwa uzito wake wote. Itakayonywea hata kidogo airudishe, apewe nyingine.